Aliyejua Septemba, Januari Hajui

Mwezi Septemba mtoto wa darasa la saba anaingia kwenye chumba cha mtihani na penseli yake na kifutio, anakutana na swali la Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), analimaliza. KDS na KKS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika, amezifanyia mazoezi mpaka zikamjia ndotoni. Usanisinuru anaujua pia, na ukimsimamisha njiani umwulize kwa nini jani linahitaji mwanga, atakueleza huku akitaka kukimbilia mpira. Januari mtoto yuleyule anaketi kidato cha kwanza. Ubaoni pameandikwa LCM, KDS ileile kwa Kiingereza. Mwalimu wa biolojia, akiutaja usanisinuru uleule, anatamka neno refu ambalo masikio ya mtoto hayajawahi kulipokea. Likizo haikumfuta kitu kichwani, lakini kwa hesabu za shule yake mpya, hajui.

Tanzania Bara imeizoea hali hii kiasi cha kutoiona. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Kati ya hizo mbili kuna kozi ya Kiingereza ya wiki chache mwanzoni mwa kidato cha kwanza, kisha fizikia, jiografia na kemia zinaanza kwa pamoja. Kijana anayekwenda kusoma Uchina au Urusi kwa lugha ya huko kwa kawaida hupewa mwaka wa kujifunza lugha kabla ya kugusa fani yake, na yeye ni mtu mzima aliyekwisha kufaulu kidato cha sita. Mtoto wa miaka 13 au 14 anatakiwa avuke kwa wiki.

Kinachofuata kila mwalimu anakijua. Anasoma sentensi ya Kiingereza, anaona macho yametulia tuli, anageukia Kiswahili, darasa linachangamka na maswali yanaanza kuja. Kisha anatazama saa. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo anajaza ubao notisi za Kiingereza na wanafunzi wananakili hadi kengele. Usiku wanapiga msuli, maana yake wanakremu: aya nzima, na koma zake, bila kujua kitenzi kiko wapi. Anayekremu vizuri anafaulu kitu asichokielewa. Aliyeelewa pale Kiswahili kilipopita darasani, lakini akashindwa kukumbuka sentensi ya ubaoni, anapata F.

Hadi hapo ni suala la ufundishaji, na walimu wamelijadili kwenye semina nyingi. Kinachojadiliwa kidogo ni namna mwanafunzi mwenyewe anavyolitafsiri. Katika umri ule hana uwezo wa kutenganisha kutoelewa swali na kukosa akili. Hakuna aliyemwambia kuwa ni mambo mawili. Anachokiona ni kwamba darasa la sita alikuwa wa tatu na sasa ni wa themanini, na mtu pekee aliyekuwepo mahali pote pawili ni yeye. Basi kosa ni lake. Anaacha kunyoosha mkono. Akinyamaza ataitwa mpole. Akikosea kwa Kiingereza atachekwa mpaka Ijumaa. Ripoti inakwenda nyumbani na maneno “aongeze bidii”, na mzazi, ambaye naye hawezi kulisoma daftari la mwanawe, anaongeza ukali.

Baadhi ya shule huongeza chumvi kwenye kidonda hicho. Getini kuna kibao kinachoamuru Kiingereza tu. Darasani monita ana karatasi ya majina ya waliosikika wakiongea Kiswahili, na mwisho wa wiki karatasi hiyo inageuka fimbo au kazi ya kufyeka majani. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alisimulia katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986, jinsi shule za Kenya ya kikoloni zilivyomchapa au kumvisha kibao cha chuma mtoto aliyekutwa akiongea Kikikuyu. Wasomaji wa Tanzania huipokea habari ile kama jambo la jirani na la zamani. Wanasahau kuwa fimbo ya Ijumaa hapa ni ya Mswahili kumchapa Mswahili, katika nchi yenye Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967.

Halafu kuna wale wanaofika kidato cha kwanza kutoka “English medium”. Shule hizi za msingi za binafsi zilianza kuota kwa wingi miaka ya 1990, na mzazi mwenye kipato hakuhitaji utafiti kujua faida yake. Mtoto wake anapokutana na mtoto wa kayumba, yaani shule ya kawaida ya serikali, kwenye dawati moja, wa kwanza anajibu na wa pili anatazama. Wa kayumba hawezi kujua kuwa anachokitazama ni miaka saba ya ada. Anaamini anatazama akili. Mbaya zaidi, mwenzake pia anaamini hivyo, na wote wawili watakua na imani hiyo hadi kwenye usaili wa kazi, mmoja akiwa upande wa meza wenye kiti cha kuzunguka.

Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012, watahiniwa zaidi ya 240,000, takriban asilimia 60, walipata daraja la ziro. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, na kuibebesha lugha mzigo wote ingekuwa uongo: shule za kata zilikuwa zimejengwa haraka kuliko walimu walivyopatikana, maabara zilikuwa majina tu, na utaratibu wa kupanga madaraja ulibishaniwa. Lakini kuna jambo moja la miaka ile ambalo taifa lilicheka badala ya kulifikiri. Baadhi ya watahiniwa walikutwa wameandika mashairi ya Bongo Fleva na kuchora vikatuni kwenye karatasi za majibu. Wazee wakalaani utovu wa nidhamu. Pengine ulikuwepo. Ila mtu aliyefungiwa ndani kwa saa mbili au tatu na maswali asiyoweza kuyasoma, huku akikatazwa kutoka, akaandika kwa ufasaha maneno pekee anayoyamudu, amesema kitu. Kalamu ilikuwa nzima. Hata mizani ya mashairi ilikuwepo.

Utafiti haujakosekana. Kuanzia 2002 mradi wa LOITASA uliwakutanisha Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo na wasomi wa Tanzania na Afrika Kusini. Katika majaribio yake ya Tanzania, wanafunzi walifundishwa mada ileile, kundi moja kwa Kiingereza na jingine kwa Kiswahili, na waliofundishwa kwa Kiswahili wakafanya vizuri zaidi. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi kwamba Kiingereza cha sekondari za Tanzania hakifikii kiwango cha kubeba masomo. Kabla yao wote, mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili 1985 na vyuo vikuu vifuate 1992. Serikali ikakataa. Julius Nyerere mwenyewe, mtu aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, alisimama upande wa Kiingereza akakiita Kiswahili cha dunia. Mwaka 1987 ukaja mradi wa fedha za Uingereza wa kukinyanyua Kiingereza mashuleni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ngazi zote, na madarasa ya kidato cha kwanza yakaendelea kama jana.

Hoja ya kwamba Kiswahili hakina istilahi nayo imezeeka. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Watoto waliozaliwa mwaka huo leo wana watoto wa kidato cha kwanza.

Wakati shule zimesimama, mahakama imetembea. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika kwa Kiswahili hukumu ya shauri lililouhusisha mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mashahidi wa Tanzania wamekuwa wakijieleza kwa Kiswahili mahakamani tangu zamani, lakini kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu zilitoka kwa Kiingereza, na mshindi alihitaji wakili amweleze kuwa ameshinda. Februari 1, 2021, Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu jaji huyo na kumpandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Ndani ya mwaka huohuo Bunge likarekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama.

Msingi wa mabadiliko yale haukuwa mapenzi ya lugha. Ulikuwa haki: mtu asihukumiwe kwa maneno asiyoyaelewa. Mtihani wa taifa nao ni hukumu. Unaamua nani aendelee na kidato cha tano, nani aende chuo, nani arudi nyumbani akauze vocha. Katiba ya nchi, ibara ya 11, inampa raia uhuru wa kutafuta elimu hadi upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake. Uwezo wa kukokotoa mwendokasi unapimwaje kwa mtu aliyekwama kwenye nusu ya kwanza ya swali? Mwizi wa kuku ana haki kubwa zaidi ya kuelewa mashtaka yake kuliko mtahiniwa aliyo nayo ya kuelewa swali la nne.

Wazazi wengi hawatakubali, na hawakosi sababu. Wameona usaili unafanyika kwa Kiingereza, matangazo ya kazi yanaandikwa kwa Kiingereza, na wale wanaotetea Kiswahili majukwaani wanawapeleka watoto wao “English medium”. Shaka hiyo ni halali kabisa. Lakini kujua Kiingereza na kufundishwa kemia kwa Kiingereza ni mambo mawili. Mwalimu wa kemia hakusomea kufundisha lugha, na mara nyingi naye Kiingereza chake ni cha kuazima. Mtoto anayejifunza kupitia kwake hapati kemia wala Kiingereza. Somo la Kiingereza lipewe vipindi vingi zaidi, walimu waliolisomea, vitabu vya hadithi vya kusoma hadi vichanike. Kemia iachwe iwe kemia.

Wala Kiswahili si mwisho wa hoja. Mtoto wa kifugaji Simanjiro, au wa Kisukuma ndani kabisa ya Meatu, anaweza kuingia darasa la kwanza akikutana na Kiswahili kama wenzake wanavyokutana na Kiingereza miaka saba baadaye. Yeye anahama mara mbili. Watetezi wa Kiswahili, ambao hupenda kusema kila Mtanzania amezaliwa nacho, huwa hawana jibu zuri kwake. Angalau anapofika darasa la saba anakuwa amekishika, na kumvua tena ni kumwanzisha upya kwa mara ya pili.

Jambo la kufanya kwanza si kubwa. Baraza la Mitihani linaweza kuchapa maswali ya sayansi na hisabati kwa lugha zote mbili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na mtahiniwa ajibu kwa anayoiweza. Wasahihishaji ni walewale walimu wanaofafanua masomo haya kwa Kiswahili kila siku ya kazi. Gharama ya karatasi itaongezeka. Ile ya kupoteza maelfu ya vijana kila mwaka haijawahi kuandikwa kwenye bajeti yoyote.

Na kipimo cha athari ya lugha kimeshaletwa bila kelele. Mtaala mpya umeingiza sekondari somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja, kwenye dawati moja na katika shule moja isiyo na maktaba, atakuwa na alama za historia iliyofundishwa kwa lugha anayoijua na alama za jiografia iliyofundishwa kwa lugha anayoikisia. Baraza la Mitihani litakuwa na takwimu hizo mbili kwa kila mtahiniwa, mkoa kwa mkoa, kayumba na “English medium”. Lizitoe hadharani, zikiwa zimepangwa bega kwa bega, ili mwanafunzi aliyejiona mjinga kwa miaka minne apate kuona pengo lake lilikuwa wapi.