Hoi An haikujengwa na fanusi

KWENYE noti ya dong 20,000 ya Vietnam, ambayo thamani yake haifiki dola moja ya Marekani, kuna picha ya daraja dogo lenye paa. Daraja hilo liko Hoi An, mji mkongwe wa katikati ya nchi hiyo, karibu na mahali Mto Thu Bon unapoingia baharini. Husimuliwa kwamba lilijengwa na wafanyabiashara wa Kijapani mwishoni mwa karne ya 16. Lilipofunguliwa tena Agosti 2024, baada ya ukarabati wa zaidi ya mwaka mmoja, watu walibishana sana juu ya rangi. Wengine walilalamika kuwa limekuwa jipya mno na limevuliwa uzee wake. Ubishi wa rangi ni halali. Lakini kwa mtu anayeishi kwa kuvusha mzigo mpakani, swali zito ni jingine: mgeni aliyekuja kuuza na kununua alipata wapi moyo wa kujenga daraja katika nchi ya watu?

Msafiri wa leo anayeingia mtaa wa zamani halazimiki kujiuliza hayo. Anapokewa na fanusi za hariri za kila rangi, kuta za njano, mafundi cherehani wanaompima leo na kumkabidhi suti kesho, na boti za kumzungusha mtoni usiku. UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999, na utalii ndio unaoulisha. Hakuna ubaya, watu lazima wale. Ila anayeondoka na picha za fanusi peke yake amenunua kanga bila kusoma jina lake.

Hoi An ilijengwa na upepo na ruhusa. Upepo, watu wa mwambao wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa. Merikebu za China na Japani zilishuka na kaskazi mwanzoni mwa mwaka, kisha zikangoja kusi ili zirudi makwao. Zilileta fedha, shaba na vyombo vya kauri, zikabeba hariri, mdalasini, pilipili manga, sukari na udi. Kati ya upepo mmoja na mwingine kulikuwa na miezi kadhaa, na miezi hiyo yote mgeni alihitaji pa kulala, pa kuweka mzigo, na mtu wa kumwamulia akidhulumiwa.

Hapo ndipo ruhusa ilipoingia. Mabwana wa ukoo wa Nguyen, waliotawala sehemu hiyo, waliwapa Wachina na Wajapani mahali pa kujenga na kukaa. Padri Mwitaliano Cristoforo Borri, aliyefika katika nchi hiyo mwaka 1618, aliueleza mji huo kuwa kama miji miwili, mmoja wa Wachina na mwingine wa Wajapani, kila mmoja ukiwa na mkuu wake na ukifuata sheria za kwao. Mwaka 1619 bwana wa Nguyen alimwoza binti wa nyumba yake kwa Araki Sotaro, mfanyabiashara wa Nagasaki. Tusidhani ilikuwa hisani. Nguyen walikuwa na uhasama mkali na ukoo wa Trinh wa kaskazini, nao walitaka ushuru, shaba na silaha. Walipiga hesabu wakaona mgeni aliyetulia analipa kuliko mgeni anayekimbizwa.

Matunda ya hesabu hiyo bado yamesimama. Nyumba ya Tan Ky imetazama mtaa upande wa mbele na mto upande wa nyuma: mzigo uliingia nyuma, biashara ikafanyika mbele. Kwenye dari kuna uwazi wenye kapi. Mafuriko yakija, mizigo huvutwa juu, na ukutani kumewekwa alama za kimo cha maji miaka mbalimbali. Mwenye stoo yeyote ataielewa nyumba hii bila mkalimani.

Mpaka ukifungwa, wanaoumia kwanza si wakubwa. Mwaka 1635 watawala wa Japani waliwakataza raia wao kusafiri nje, na waliokuwa ng'ambo wakazuiwa kurudi. Mtaa wa Wajapani ukafifia. Nje ya mji, katikati ya mashamba ya mpunga, liko kaburi la mfanyabiashara Tani Yajirobei, aliyefariki mwaka 1647. Limeelekezwa upande wa Japani.

Wachina walidumu, na siri yao inaonekana hasa katika mtaa wa Tran Phu. Watu wa Fujian walijenga ukumbi wao, wa Guangdong wao, wa Chaozhou wao, wa Hainan wao, na upo mwingine wa wote kwa pamoja. Mtalii huingia kupiga picha za madhabahu ya Thien Hau, mlinzi wa mabaharia. Lakini kumbi hizi zilikuwa pia vyama vya wafanyabiashara. Humo mgeni mpya alipata wenyeji, ugomvi wa deni ulisuluhishwa, na aliyefia ugenini alipata wa kumzika.

Ukumbi wa Hainan ndio unaostahili muda mrefu zaidi. Mwaka 1851, enzi za mfalme Tu Duc, maofisa wa doria ya baharini waliwaua wafanyabiashara wa Hainan waliokuwa safarini, kisha wakaripoti kwamba wameangamiza maharamia, wakitarajia zawadi. Kesi ilichunguzwa, ukweli ukatoka, na maofisa wakahukumiwa kifo. Ukumbi unawakumbuka watu 108.

Neno moja tu lilitosha kuhalalisha mauaji yale: haramia. Katika mipaka ya Afrika Mashariki neno la aina hiyo ni magendo. Halichinji watu 108, lakini linaweza kumaliza mtaji wa mama mwenye magunia mawili ya maharage. Utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya unaruhusu mzigo usiozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, uvuke bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Asiyeujua hushauriwa na dalali apite njia ya panya, na akikamatwa huko hana pa kulalamika, kwa sababu hata yeye anaamini ni mkosaji.

Wenyeji nao wana hoja. Julai 2025 Tanzania iliwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo saluni, uwakala wa pesa kwa simu na ununuzi wa mazao shambani, na Kenya ikalalamika. Hofu ya mchuuzi anayeona mgeni mwenye mtaji mkubwa akifungua duka mbele ya kibanda chake si ya kubezwa. Hoi An haikumwachia mgeni kila kitu. Ilimwonyesha mipaka ya mtaa wake, ikamtoza, ikamtambua mkuu wake. Tofauti ni kwamba alijua masharti kabla ya kushusha mzigo, na alikuwa na wa kumsemea.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vipo, lakini vingi husikika siku ya semina na kunyamaza siku ya kukamatwa kwa mzigo. Kuna jambo dogo vinaloweza kulidai bila kungoja kikao cha marais: kila mzigo unaozuiwa uandikwe papo hapo, kwa jina la ofisa, sababu ya kuuzuia na siku ya kusikilizwa, na nakala ibaki mikononi mwa mwenye mali na ofisini kwa chama chake.