Fedha Tatu za Lee Chong Wei

Toleo hili kandanda tunaiweka kando.

Jua la Maskati likishatua, kumbi za michezo hujaa watu wa vinyoya, mchezo ambao wengi mnaujua kwa jina la badminton. Mashindano yake huchezwa ndani, kwani kinyoya kina manyoya 16 na uzito wa gramu 5 hivi. Upepo mdogo tu hukipoteza njia. Juzi nilikaa kutazama, mzee mmoja akaniuliza: "Mwanangu, bingwa wa mchezo huu nani?" Nikamtajia Lee Chong Wei wa Malaysia. "Ana dhahabu ngapi za Olimpiki?" Nikasema: "Hana hata moja." Akacheka sana.

Basi leo namjibu mzee wangu kwa utulivu.

Lee alizaliwa mwaka 1982. Alikaa nambari moja duniani kwa jumla ya wiki 349, na kati ya hizo 199 zilifuatana bila kukatika, kuanzia Agosti 2008 hadi Juni 2012. Mashindano makongwe ya All England aliyashinda mara nne. Lakini nchi yake ilikuwa haijapata dhahabu yoyote ya Olimpiki, na mzigo huo akatwishwa yeye. Beijing 2008 alifungwa fainali na Lin Dan wa China. London 2012 wakakutana tena fainali. Seti ya tatu ikaisha 21-19. Rio 2016 alimtoa Lin Dan katika nusu fainali, 22-20 seti ya mwisho. Kesho yake Chen Long, naye wa China, akamfunga 21-18, 21-18. Fedha ya tatu.

Hakuwa malaika. Mwaka 2014 alipatikana na dawa iliyokatazwa, akafungiwa miezi minane, ingawa jopo lilikubali kwamba hakukusudia kudanganya. Akarudi akaanza upya. Mwaka 2018 akagunduliwa na saratani ya pua, na Juni 2019 akastaafu huku analia.

Kwa nini nimeyaleta haya? Muhula uliopita niliikosa daraja niliyoitaka kwa alama mbili tu, kama Lee kule London. Wiki nzima sikupokea simu za nyumbani. Niliona kila usiku niliokesha umekwenda bure. Sasa mitihani imekaribia tena, na najua humu chamani siko peke yangu mwenye hofu hiyo.

Fainali ya vinyoya humalizika kwa saa moja na kitu. Wiki 349 ni zaidi ya miaka sita ya kuamka, kufanya mazoezi na kuwashinda waliokuja kukushusha. Mzee wangu alihesabu ile saa moja.

Nikimkuta tena ukumbini, jibu langu litakuwa lile lile: bingwa ni Lee Chong Wei. Na akicheka, nitamwomba anihesabie wiki.