Tundu la Boneti Haliponyi Rejeta

Ndugu mwandishi anatushauri tukate matundu kwenye boneti, nyumbani, kwa grinda, ili gari lisichemshe kwenye foleni ya Msimbazi. Kama ni urembo, sawa. Dawa, hapana.

Gari linalochemsha foleni ikisimama, mara nyingi feni haizunguki, au rejeta imeziba baada ya miaka ya maji ya bomba. Wengine hata thamostati hawana. Fundi aliing'oa akisema huku kwetu ni joto tu.

Anatutajia Subaru Impreza. Mfano huo unamwangusha mwenyewe! Ile pua iliyo juu ya boneti ya Impreza yenye turbo haitoi joto, inaingiza hewa: inashuka kwenye intakula iliyolala juu ya injini, ipoze hewa inayokwenda kwenye silinda. Na kukata karibu na kioo cha mbele ndiko kubaya zaidi. Gari likishika kasi, upepo hujazana pale na kusukumwa ndani. Pa kutolea joto ni nyuma kidogo ya rejeta.

Halafu aifungue boneti aitazame kwa chini. Zile mbavu ndizo zinazoikaza, na grinda haichagui. Ukingo uliokatwa bila kupigwa praima, kwa hewa hii ya chumvi, utaota kutu. Masika yakianza, maji yatamwagikia altaneta.

Akiona lazima, anunue boneti ya mtumba Gerezani aichezee hiyo, ya gari aiweke. Ila aanze na feni.