Kabro za Minnesota hazitaki dasti

Nitasema hivi, na mafundi wa Nairobi wanisamehe: dasti ya mawe chini ya kabro ni kitu ya kwetu. Iache hapa. Ukiibeba mpaka Minnesota, ama Manitoba, ama mahali popote ardhi inaganda, unamwaga pesa ya mtu.

Najua wengine wenu mnajiuliza, sasa hii inanihusu nini na niko Umoja? Inakuhusu kwa sababu nusu yenu mna ndugu huko, na wengine mna passport inangoja kwa droo. Mjengo ni kazi ambayo vijana wetu wanaingia wakifika. Na ukiingia na mazoea ya hapa bila kuuliza ardhi ya kule inafanya nini, utaaibika mbele ya watu.

Hebu tuanze na hiyo ardhi. Sheria ya ujenzi ya Minnesota inataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini. Hiyo ni kama sentimita 107 na 152. Sentimita 152 ni mtu mzima mfupi amesimama wima kwa shimo. Wanachimba hivyo kwa sababu baridi inashuka ndani ya udongo, na msingi ukikaa juu ya udongo unaoganda, utainuliwa.

Watu wengi wanadhani unainuliwa kwa sababu maji yakiganda yanapanuka. Kweli yanapanuka, karibu asilimia 9. Lakini hiyo si hadithi yote. Kuna mwanajiolojia Mmarekani, Stephen Taber, ambaye karibu mwaka 1930 alifanya kitu nakipenda sana: aligandisha udongo uliolowa benzini ya maabara, ambayo ikiganda inasinyaa badala ya kupanuka. Udongo ukainuka bado! Manze, hapo ndipo ilibainika kwamba barafu ndani ya udongo inajijenga kwa matabaka, na kila tabaka linanyonya maji kutoka chini ili liendelee kunenepa. Fikiria utambi wa koroboi ukivuta mafuta ya taa. Moto uko juu, mafuta yako chini, na utambi hauchoki.

Kwa hivyo unahitaji vitu vitatu ndio kabro ziinuke: baridi, maji na utambi. Baridi huwezi kuizima. Maji unaweza kuyapunguza, hutayamaliza. Utambi ndio unaweza kuukata.

Na dasti ni utambi. Ile chembe laini kama unga ndiyo inavuta maji. Arthur Casagrande, jina kubwa kwa sayansi ya udongo, alitoa kipimo mapema miaka ya 1930 ambacho bado kinatajwa: udongo wenye chembe za saizi mchanganyiko, kama zaidi ya asilimia 3 ya uzito wake ni chembe chini ya milimita 0.02, uanze kuushuku. Asilimia tatu tu! Sasa shika dasti iliyolowa, ifinye. Inashikana kama unga wa chapati. Kokoto safi iliyooshwa haishikani na chochote. Maji yanapita katikati yanaenda zake.

Hii mada imenifikia kwa sababu binamu yangu yuko Minneapolis. Ameweka kabro za watu misimu mitatu na sasa anataka kusimama mwenyewe. Kazi yake ya kwanza ni njia ya gari ya mzee Mkenya, rafiki ya familia, mita 5 kwa 10. Mzee ameona bei ya kokoto akashtuka. Anasema kabro zake za Ruiru zimekaa juu ya dasti miaka na miaka na hazijasonga. Binamu amesema kwa heshima yote, bila kokoto hataanza. Kwa group ya familia sasa anaitwa mwenye kiburi, ati amesahau alikotoka.

Mimi niko upande wake. Mzee hadanganyi kuhusu Ruiru, lakini Ruiru ardhi haigandi.

Na hesabu ya binamu si ya kuringa. Mwongozo wa kawaida wa kabro huko Marekani unaanza na msingi wa sentimita 15 kwa njia ya gari, kisha unaongeza 5 hadi 10 kama kuna baridi kali ama udongo dhaifu. Kwa hivyo anataka 25. Mita 50 za mraba mara sentimita 25 ni mita za ujazo 12.5, kama tani 20 za mawe. Eeh, ni mawe mengi. Chini yake anatandika kitambaa cha jiotekstaili ili udongo usipande kujaza nafasi za kokoto. Anashindilia kwa matabaka, hamwagi yote mara moja. Juu anaweka kokoto ndogo kama sentimita 2.5 za kulaza kabro. Mchanga hapo haufai, kwa sababu utaponyoka kwa mianya kidogo kidogo na kabro zitazama.

Kuna mafundi wazuri huko wanaotumia mchanganyiko wa mawe na chembe ndogo ulioshindiliwa mpaka ukawa kama zege. Ni sawa kama udongo wa chini ni wa mchanga na maji yana pa kwenda. Kwa mzee chini ni mfinyanzi. Maji yatakaa hapo, kwa hivyo hata kokoto inahitaji bomba la kuyatoa pembeni.

Kile kinaniogopesha zaidi hata si Januari. Ni Machi. Barafu inaanza kuyeyuka kutoka juu, chini bado kumeganda, maji hayana mlango. Msingi wa dasti unakuwa uji, na asubuhi mzee anarudisha nyuma gari juu ya huo uji. Mitaro miwili, saizi ya tairi. Halafu nani ataitwa arudishe pesa? Kijana ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza na jina lake ndilo liko kwa risiti.

Kama shida ni pesa, wapunguze kwa kabro. Wachimbe sasa, waweke kitambaa, bomba na tani zote 20, mzee aegeshe juu ya kokoto msimu mmoja wa baridi. Kabro zenyewe, hata zile za bei ya chini, zinaweza kuja mwaka ujao.