TAHARIRI: KIZIMBA KWANZA, SIMBILISI BAADAYE



Tangu simbilisi wa kwanza waingie hapa kijijini, watoto hawana habari nyingine. Kila nyumba mtoto anadai wake. Asiyemjua mnyama huyu aelewe kwamba si panya wala si sungura. Ni mdogo, mnene, hana mkia, masikio yake mafupi, na akisikia mtu anakata majani hupiga mbinja mpaka apewe. Haumi ovyo wala hapandi ukuta. Mtoto wa miaka saba akisimamiwa anaweza kumtunza. Ubao huu hauna ugomvi na watoto. Ugomvi wetu ni vizimba.

Tumepita nyumba kwa nyumba tukaona wenyewe. Mahali pamoja simbilisi watatu wamo ndani ya boksi la sabuni. Mahali pengine wamo kwenye tenga la kuku, limeanikwa juani kama muhogo. Kwingine wanalala jikoni karibu na mafiga. Na mhariri asijifanye mtakatifu. Mwaka jana nilinunua tundu zuri la waya kwa mfanyabiashara mmoja, linang'aa, nikaliweka barazani chini ya bati, nikaenda shamba. Narudi saa tisa alasiri, wawili wamelala chali, mate yamewatoka mdomoni. Mjukuu wangu hakuniuliza kitu. Alichukua jembe akaenda kuwafukia, na siku mbili hakusema na mimi.

Sasa limeletwa pendekezo kwenye kamati: chama kiagize vizimba vya waya mjini, kila mwenye mtoto akopeshwe kimoja, halafu akatwe kwenye malipo ya korosho. Ubao huu unasema hapana. Kwanza fedha ya korosho ina kazi zake, kila mtu anazijua. La pili ndilo kubwa: vizimba vile havifai hapa kwetu.

Hebu tuangalie mnyama ametoka wapi. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, Peru na jirani zake, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka, na hadi leo wengi wanamweka jikoni. Huku kwetu Afrika anafugwa Iringa, Njombe na Mbeya. Anafugwa pia Kivu, mashariki ya Kongo, ambako watu walimpenda zaidi wakati wa vita, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi huporwa lakini simbilisi unamficha ndani na ukikimbia unamchukua. Kule nako analala jikoni. Lakini jamani, kote huko nilikokutaja ni nyanda za juu, penye baridi. Moto wa jikoni kwao ni blanketi. Nachingwea si Njombe. Simbilisi hatoki jasho kama sisi, na joto likipita nyuzi 30 anaanza kuteseka. Mwezi wa Oktoba na Novemba hapa, kabla ya mvua, chini ya bati ni tanuri kabisa.

Wilaya hii ilishapata somo la namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, na matrekta yao, bila kuiuliza ardhi wala mvua, na mwaka 1951 ukaachwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo nayo iling'olewa. Tundu la waya ni kitu kidogo, lakini akili iliyolileta ni ile ile.

Kwa hiyo kizimba chetu kijengwe kwa mianzi, fito na nyasi, vitu ambavyo tunavyo. Paa liwe la nyasi, nene, litokeze nje kila upande ili mvua ya masika isipige ndani. Mbele na nyuma paachwe wazi kwa fito au wavu wa kuku ili upepo upite, na ubavu mmoja uzibwe, wapate pa kujikinga usiku. Pa kukiweka ni chini ya mwembe. Najua mtu atasema mkorosho uko karibu zaidi na kivuli chake kinafika chini. Ni kweli, lakini ikifika Mei au Juni unapuliza salfa, na vumbi lile linaanguka juu ya mnyama na juu ya majani anayokula. Nyasi za chini ya mikorosho iliyopuliziwa msiwape. Mifuko ya salfa nayo msiitandike ndani, hata ukiifua mara tatu.

Upana ndio wenye maneno. Watu wengi wanajenga kirefu kwenda juu kama cha njiwa. Simbilisi haruki wala hapandi, maisha yake yote ni kukimbia chini. Mpe sakafu. Kwa wawili, futi 4 kwa futi 2 ndicho kiwango cha chini kabisa, na ukiweza kufika futi 5 kwa 3 ni bora zaidi. Kwenda juu futi moja na nusu inatosha, ila kifuniko kiwepo, kwa ajili ya paka na kipanga.

Sakafu isiwe ya waya. Nyayo zake ni laini, hazina manyoya, waya unazichana na kidonda kinaoza. Kitoto nacho mguu unapenya tundu la waya, akishtuka anauvunja. Pasueni mianzi, muilaze bapa, ikae imebanana, au tumieni mbao kama zipo. Juu yake tandikeni nyasi kavu au maranda kutoka kwa seremala, mkibadilisha kila siku ya pili au ya tatu. Ukiinama ukasikia harufu ya mkojo inachoma pua, ujue kwao imeshachoma kifua. Mnachokitoa kipelekeni bustanini, ni mbolea nzuri.

Kizimba kiinuliwe futi 3 kutoka ardhini. Miguu ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji, maana siafu wakiingia usiku hamtakuta kitu asubuhi ila mifupa. Mwanya wowote ambao kidole gumba kinapita uzibwe. Nyoka haombi nafasi kubwa.

Ndani wekeni pa kujificha. Mnyama huyu ni mwoga kwa maumbile, asipopata pa kujificha hali vizuri. Mama zangu, vile vyungu vilivyotoboka msivitupe. Chungu kilicholazwa kwa ubavu, kitako kimevunjwa, ni nyumba yenye milango miwili, na hiyo milango miwili ina maana: mmoja akimkimbiza mwenzake, anayekimbizwa ana pa kutokea. Tena udongo una ubaridi mchana.

Asikae peke yake. Huko Uswisi, tangu sheria yao ya mwaka 2008, ni kosa kumfuga simbilisi mmoja bila mwenzake. Tulipolisoma hili mbele ya kamati watu walicheka, lakini aliyemwona mmoja amejikunyata pembeni siku nzima hacheki. Ila mwenzake asiwe sungura, teke lake moja linaua. Na kama ni dume na jike, hesabu mapema. Mimba ni siku 60 hadi 70, watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi, na jike anaweza kupata mimba tena siku ile ile aliyozaa. Watoto wa kiume watengwe wakifika wiki tatu. La sivyo kizimba cha wawili kitakuwa cha kumi kabla korosho hazijaanguka, na tutarudi kwenye boksi la sabuni.

Chakula tutakiandika siku nyingine. Kwa leo ni haya tu: nyasi wakati wote, majani mabichi kila siku kama matembele, kwa sababu mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu. Maji safi yasikauke.

Pendekezo la vizimba vya waya litapigiwa kura kwenye mkutano. Kabla ya hapo, Jumamosi saa mbili asubuhi, tutajenga kizimba cha mfano nyuma ya ghala, na kila mtu aone kinachukua mianzi mingapi na saa ngapi. Vijana walete mapanga na kamba. Mwenye chungu kibovu aje nacho. Na wazazi ambao mmeshaahidi watoto, msiende kuchukua mnyama wiki hii. Mjukuu wangu naye anangoja.