MWENYE KISU KIKALI

Apandaye kutoka Mombo hadi Lushoto, kisha akaendelea mpaka Magamba, huiona mali ya milima ya Usambara kwa macho yake: misitu, mboga, matunda na chai. Mali hiyo haimfikii mnunuzi bila mashine. Mbao hupasuliwa kwa mashine, mahindi husagwa kwa mashine, majani ya chai husagwa kwa mashine. Na kila mashine ina gia, na kila gia ina meno. Jino moja likivunjika, kazi husimama na vibarua hurudi nyumbani mikono mitupu.

Jambo hili si geni. Kabla ya Vita Kuu ya mwaka 1914, kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilijenga njia ya kamba za chuma ili kushusha mbao kutoka Shume hadi kwenye reli pale Mkumbara. Wakati ule kila kipuri kilitoka Ujerumani kwa meli. Wakoloni wale walikwisha kwenda zao, bendera yetu yapepea tangu 1961, lakini twaona kwamba kwa habari ya jino la gia wengi wetu bado twaingojea meli.

Wako wasemao kwamba gia hununuliwa dukani. Kwa mashine mpya, maneno hayo ni kweli. Lakini mashine nyingi za zamani zilitengenezwa Uingereza kwa kipimo cha inchi, na gia zinazouzwa leo ni za kipimo cha milimita. Gia ya Kiingereza yenye meno 10 kwa kila inchi ya kipenyo hufanana sana na ile ya kipimo cha 2.5 cha milimita. Hata hivyo kwa kila jino zinapitana kama sehemu moja ya nane ya milimita. Mnunuzi haoni tofauti hiyo. Mashine huiona siku ile ile, nayo huyala meno ya gia nzima iliyobaki.

Dawa yake ni kuchonga gia ile ile iliyovunjika. Visu vya kuchongea meno huuzwa kwa seti ya visu 8 kwa kila kipimo kimoja, maana umbo la jino hubadilika kwa idadi ya meno: kisu cha gia ya meno 12 hakifai kwa gia ya meno 135. Karakana ndogo haiwezi kununua seti za vipimo vyote. Lakini fundi hodari aweza kutengeneza kisu chake mwenyewe. Huchukua kipande cha chuma kigumu, akakinoa mpaka kilingane barabara na nafasi iliyo kati ya meno mawili mazima ya gia ya zamani, akapunguza nyuma ya makali ili kikate bila kusugua. Kisha hutumia kichwa cha kugawia: mkono ukizungushwa mara 40, gia huzunguka mara moja. Basi kwa gia ya meno 20, huzungusha mara mbili kwa kila jino.

Hatusemi kwamba kisu hicho chafaa kwa kila kazi. Gia iendayo kasi yataka usahihi mkubwa zaidi. Lakini kwa mashine iendayo polepole, kazi hiyo ni bora mara mia kuliko jino lililoungwa kwa moto na kuchongwa kwa tupa.

Taifa letu halikukosa vyombo. SIDO iliundwa mwaka 1973, TEMDO ya Arusha mwaka 1980, na kule Moshi kilijengwa kiwanda cha mashine za kukereza vyuma kwa msaada wa Bulgaria. Lakini ujuzi ulioko Arusha na Moshi haumsaidii mpasua mbao wa Magamba asipoupata karibu naye. Twataka Lushoto iwe na karakana moja yenye mashine ya kuchongea, kichwa cha kugawia, na fundi aliyefundishwa kunoa visu vyake. Twataka pia kila mwenye mashine apime gia zake zikiwa nzima na kuhifadhi vipimo hivyo, maana gia iliyokwisha kusagika haina la kumwambia fundi.

Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nyama iko Usambara tele. Sasa na tunoe kisu.