Maji yameondoka bondeni, deni limebaki nyumbani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuteremsha maji kutoka mawinguni kwa kipimo akitakacho. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, katika hadithi aliyoisimulia Anas bin Malik, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, bedui mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (saw) akiwa anahutubu. Akalalamika kwamba mifugo inaangamia na watoto wana njaa kwa sababu ya ukame. Mtume (saw) akanyanyua mikono akaomba, na mvua ikanyesha hadi Ijumaa ya pili. Siku hiyo mtu akasimama tena, lakini malalamiko yake yalikuwa mengine kabisa: nyumba zinaanguka na mali inazama. Mtume (saw) akanyanyua tena mikono, akaomba mvua iwanyeshee pembezoni badala ya kuwashukia wao.

Tuzingatie jambo moja ambalo hakulifanya. Hakumuuliza mtu yule kosa gani watu wake wamelitenda hata maji yakawabomolea nyumba. Nalitaja hili kwa sababu kila yanapotokea mafuriko hawakosekani wasemaji wa kuwahukumu waliopatwa, na mara nyingi msemaji huyo nyumba yake iko kilimani na ghala lake limejaa. Anayekufa kwa kuzama na anayekufa kwa kuangukiwa na jengo, Mtume (saw) amewahesabu miongoni mwa mashahidi. Basi na tuwe na adabu tunapowataja.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi zinajua maana ya mito miwili. Upande wa kaskazini upo Mbwemkuru, na upande wa kusini upo Lukuledi, ambao humwaga maji yake katika ghuba ya Lindi. Mgeni akifika mwezi wa Septemba ataona mchanga mkavu na vidimbwi, na atashangaa akiambiwa kwamba mahali hapo mtu amewahi kuchukuliwa na maji. Lakini mvua za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na zikishika nguvu mto huamka kwa siku moja. Pengine anga la kijijini ni jeupe na mvua yenyewe imenyesha mbali, huko juu mto unakotokea, na watu wanausikia mvumo tu.

Mwishoni mwa Januari 2020 mkoa wa Lindi ulipatwa na msiba mkubwa wa namna hiyo. Watu wapatao 20 walipoteza maisha, na walioumia zaidi walikuwa ndugu zetu wa Kilwa, katika vijiji vya bonde la Matandu. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika maeneo ya Kilwa, mikoa ya kusini ikabaki imetengana na nchi kwa siku kadhaa. Wazee nao bado wanahesabu umri wa watoto wao kwa mafuriko ya mwaka 1990.

Habari za namna hii husomwa kwa wiki moja, kisha magazeti huhamia kwenye mengine. Ukurasa huu ni wa familia, na familia huanza kuteseka hasa baada ya hapo. Nyumba ya miti na udongo, kwa mfano, haianguki yote siku ya maji. Nyingine husimama, watu wakarudi na kulala, kisha ukuta uliolowa chini hukatika wakati unapokauka. Vyoo vya shimo hufurika vikachanganyika na visima, kwa hiyo maji ya kunywa yanapaswa kuchemshwa hata kama yanaonekana meupe, na mama mwenye mtoto mchanga asimsikilize anayemwambia vinginevyo. Misahafu na juzuu za madrasa zilizoharibika zisitupwe jalalani. Wanazuoni wameelekeza zizikwe mahali safi pasipokanyagwa, au zichomwe kwa heshima.

Ila jambo lililonifanya nishike kalamu ni kalenda ya shamba. Mwezi wa Januari ndio mwezi ambao chakula cha mwaka uliopita kinaelekea kwisha na cha mwaka huu bado kiko kwenye majani. Mbegu imekwisha kutiwa ardhini. Maji yakipita juu ya mahindi na mpunga wakati huo, mkulima anapoteza shamba, mbegu na nguvu alizozitumia, vyote kwa pamoja, na wakati huohuo ana watoto wanaotakiwa kula hadi Mei. Korosho hazivunwi mpaka Oktoba. Mbaazi ni za Agosti.

Hata hivyo Mwenyezi Mungu ameacha mlango wazi. Ufuta katika wilaya hizi hupandwa Februari na Machi. Aliyepoteza mahindi yake Januari anao muda wa wiki chache za kusafisha shamba lake la juu akapanda ufuta, na ekari moja inataka kilo mbili au tatu tu za mbegu. Kwa hiyo katika wiki hizo chache, kilo tatu za ufuta zina thamani kuliko gunia la nguo kuukuu linaloletwa mwezi wa Aprili. Sisemi nguo zisiletwe. Nasema tuwaulize waliopatwa wanahitaji nini, na lini.

Akikosa mbegu na chakula katika wiki hizo, huja mtu mwingine mlangoni. Huyu ana fedha mkononi, na haombi riba kwa jina lake. Anasema: nipe korosho zako zikiwa maua, mimi nikupe fedha leo. Wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale zina chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI, na mazao huuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Lakini mkulima aliyekwisha kuuza maua hana cha kupeleka ghalani. Korosho zitafika mnadani kwa jina la mtu mwingine, na bei nzuri ataisikia redioni.

Mama mmoja wa Ruangwa alinisimulia kwamba maji yalipochukua mahindi yao, mumewe alipokea shilingi 200,000 mwezi wa Februari, na kwa fedha hiyo akaachia mavuno ya mikorosho yao kwa misimu miwili. Waliandikiana karatasi. Mume hakumshauri. Alimwona tu amerudi na unga, akashukuru, na habari ya karatasi akaijua mwezi wa Julai. Akaniuliza: je, kwa sheria ya dini yetu, korosho hizo ni za nani?

Swali hili ni zito, nami si mufti. Nitaeleza yale ambayo wanazuoni wameyaandika kwa uwazi. Mtume (saw) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kupevuka, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Katika Sahihi Muslim, kwa Jabir bin Abdillah, yamekuja pia makatazo ya kuuza matunda ya miaka ijayo, yaani mtu kuuza leo kile ambacho mti utazaa mwakani na mwaka wa pili yake. Mauzo ya misimu miwili yanaingia humo moja kwa moja. Jabir huyohuyo amepokea kwamba aliyemuuzia ndugu yake matunda, kisha yakapatwa na janga, si halali kwake kuchukua chochote. Sheria hii inamlinda kila mmoja dhidi ya kula mali ya mwenzake bila ya haki, muuzaji na mnunuzi sawasawa.

Yupo atakayesema: mbona Uislamu umeruhusu kulipa leo na kupokea mazao baadaye? Ni kweli, nayo huitwa salam. Lakini salam ina masharti. Bei yote ilipwe palepale, zao litajwe kwa aina na uzito unaojulikana, siku ya kulikabidhi ijulikane, na deni liwe la kilo kadhaa katika dhima ya muuzaji, si mavuno ya miti fulani iliyotajwa. Mwenye kutaka kuwasaidia wakulima wa bondeni na yeye apate faida ya halali, mlango ndio huo. Anayetaka mikorosho yote kwa bei ya njaa anatafuta kitu kingine.

Sasa tuje kwa wale wenye nacho, maana rahisi ni kumlaumu mlanguzi. Katika Surat Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu amewataja watu wa aina nane wanaostahiki zaka, na wenye madeni wamo. Mujahid, mfasiri mkubwa miongoni mwa wanafunzi wa Ibn Abbas, alimhesabu katika kundi hilo mtu ambaye mafuriko yamechukua mali yake. Na katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, iliyomo katika Muslim, aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake ni miongoni mwa watu watatu walioruhusiwa kuomba mpaka apate cha kumsimamisha. Basi asione haya.

Zaka ya nafaka iliyonyweshwa na mvua ni sehemu moja ya kumi, ikiwa mavuno yamefika nisabu, ambayo wanazuoni wengi wa zama hizi huikadiria kilo 650 hivi. Mkulima wa kilimani aliyepata magunia 20 ya mahindi ana magunia mawili ambayo si yake. (Ufuta na korosho, kwa madhehebu ya Shafi, havimo katika zaka ya mazao, bali fedha yake hutolewa zaka ikitimiza nisabu na mwaka. Wahanafi wanaona vingine.) Magunia hayo mawili yana mwenyewe, na huenda anakaa mwendo wa nusu saa, chini bondeni.

Tatizo ni kwamba zaka hutoka wakati wa kuvuna, Mei au Juni, na mafuriko huja Januari. Kwa hiyo zaka peke yake haitoshi. Pendekezo langu ni dogo: kila msikiti wa vijiji vya mtoni uweke pipa moja la mbegu za ufuta na mbaazi, kwa sadaka, likague kila mwaka na kubadilishwa, ufunguo ukiwa kwa watu wawili, na mmoja wao awe mwanamke. Kamati ya maafa ya kijiji ijulishwe. Mwishoni mwa Oktoba Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu, na imamu anaweza kuusoma baada ya swala ya Ijumaa.

Najua wapo wanaosema dawa ni kuhama bonde tu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, na kulala humo na watoto wakati wa masika ni kujitia katika hatari. Nyumba na ipande juu. Lakini bonde ndilo lenye unyevu wa mpunga na mboga za kiangazi, na atakayemwambia mkulima aliache kabisa amwonyeshe kwanza atakula nini.

Nirudi kwa yule mama. Nilimshauri wasigombane na mumewe, kwani alichokifanya alikifanya kwa njaa ya watoto. Shilingi 200,000 ni deni la kweli na lazima lirudi, na Qur'an imeamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Lakini mavuno ya misimu miwili ni jambo jingine. Karatasi waliyoandikiana waipeleke kwa imamu wao pamoja na wazee wawili, aliyetoa fedha naye aitwe na asikilizwe kwa heshima, na yote hayo yafanyike kabla ya Oktoba, korosho hazijaanza kudondoka.